Bi Zuwena na Yona Wawili

Bi Zuwena Safari ameingia kanisani kwetu mara moja tu maishani mwake, na siku hiyo alikuja kupima mwangwi wa ukuta. Nota hazijui. Ukimwimbia sauti ya tatu na ya nne akuchagulie iliyo nzuri, atakuambia zote nzuri, endeleeni. Hata hivyo, katika kwaya yetu, iliyopata walimu watano na wenyeviti nisiopenda kuwahesabu, simwoni mtu tunayepaswa kumshukuru kuliko mama huyu wa mtaa wa Mabawa, hapa Tanga. Tulitaka kumwita mbele ya watu tumvike khanga, akakataa kata kata, akasema ana kazi. Basi nimeamua kumshukuru kwa kalamu. Akiuliza nani kaniruhusu, nitamjibu kwamba mimi ni katibu, na kazi ya katibu ni kuandika.

Naitwa Timotheo. Nafundisha hesabu shule ya msingi, huu mwaka wa ishirini na sita, na kosa nitakalolisimulia hapa ni kosa la namba. Cheka kwanza, kisha tuendelee.

Bi Zuwena alizaliwa Mkwaja. Baba yake, mzee Safari, alihamishia familia kwenye shamba moja la mkonge upande wa Pangani, na binti alipomaliza darasa la saba akapata kazi ghalani, pale mkonge uliokwisha kukaushwa na kupigwa brashi unaposhindiliwa kuwa marobota. Wengine walibeba na kufunga. Yeye alipewa kopo la rangi nyeusi na bati lililotobolewa herufi, akawa anapiga chapa: alama ya shamba, daraja la mkonge, namba ya robota. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minne, na ukimpa nafasi atakueleza kila siku yake.

"Mkonge wote ni mweupe mweupe tu," husema. "Marobota mia mbili yakishapakiwa melini, nani atajua hili limetoka wapi, na yupi aliyelishindilia ovyo? Namba ndiyo mdomo wake."

Ghalani kulikuwa na sheria mbili ambazo hakuzisahau. Ya kwanza, namba haitumiki mara mbili. Robota likilowa likatupwa, namba yake inatupwa nalo, haipewi jingine hata kama ni la mkonge wa shamba lile lile, uliokatwa siku ile ile. Ya pili, kila fungu linaloondoka linaacha kishungi chake rafuni, nyuzi chache za mfano, kimefungwa kikaratasi chenye namba, mpaka mnunuzi wa ng'ambo aseme mzigo umefika. Ukizielewa hizo mbili, umemwelewa Bi Zuwena.

Mkonge ulipodorora akaja mjini kwa kaka yake Ibrahimu, ambaye alikuwa akirekodi taarabu katika chumba cha uani Mabawa. Kaka alinasa sauti, dada akaandika vibandiko vya kanda. Kanda zikaondoka zikaja diski, diski nazo zikaondoka, watu wakaanza kusikiliza kwenye simu. Ibrahimu alipofariki, wengi walidhani chumba kitapangishwa. Bi Zuwena alikuwa amepita hamsini, akajifunza kompyuta kwa kidole kimoja, na mpaka leo hajaongeza cha pili. Leo vikundi vya taarabu, madrasa zenye kaswida, kwaya za Kilutheri na za Kikatoliki, wote wanapita kwake ili rekodi zao zipewe namba kabla hazijatoka duniani. Amesajiliwa kabisa kwa kazi hiyo, na cheti chake kimetundikwa juu ya friji.

Sisi tulifika kwake mwaka 2016. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa ametunga hadithi ya nabii Yona, yote ya kuimbwa toka mwanzo hadi mwisho. Hata nahodha anapomuuliza Yona kabila lake, anauliza kwa kuimba, na Yona anamjibu kwa kuimba. Mwalimu akasema kitu cha namna hiyo huitwa opera. Tukaona jina zuri, tukalichukua. Ilitoka vipande thelathini na kimoja, diski mbili. Yona aliimbwa na Mathew, mtu wa Amani kule milimani, fundi wa majokofu, mwenye sauti nzito iliyokuwa ikitikisa vioo vya madirisha ya usharika. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka saba, nami nilimwita kaka.

Nilipoanza kumsimulia Bi Zuwena habari za samaki, alinikata kauli.

"Nabii Yunus namjua kabla yako, mwanangu. Hadithi usinieleze. Nieleze wapi nikate."

Maana opera haina pa kukata. Wimbo wa kawaida unaanza na kuisha. Katika Yona, dhoruba inaingia ndani ya maombi ya mabaharia, na maombi yanaingia ndani ya ugomvi wao. Alitusikiliza siku mbili, akakata penye pumzi, na kila alipokata akaandika namba katika daftari lake refu la ghalani.

"Kila kipande kina namba yake," alinifundisha. "Sala ya Yona ina yake. Hata hapa nahodha anapouliza swali moja akanyamaza, maadamu umekifanya kipande, kina yake. Ni herufi na tarakimu kumi na mbili: mbili za mwanzo za mahali namba ilipotolewa, tatu zangu mimi niliyesajiliwa, mbili za mwaka, tano za zamu. Hiyo ni namba ya sauti iliyonaswa. Bakodi ni jambo jingine, bakodi ni ya kifurushi. Diski zako mbili mnaziuza pamoja kwenye kasha moja?"

"Pamoja, Bi Zuwena."

"Basi bakodi moja. Mkija kuiuza ya pili peke yake, itataka yake."

Kisha akanionyesha, nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, jinsi tarakimu kumi na tatu za bakodi zinavyojilinda. Ukiiacha ya mwisho, unajumlisha zile zilizo nafasi za witiri. Zilizo nafasi za shufwa unazijumlisha pia na kuzizidisha kwa tatu. Unachanganya majibu, unatazama kinachopungua kufikia kumi kamili inayofuata, na hicho ndicho tarakimu ya mwisho. Mtu akikosea kuandika tarakimu moja tu, ile ya mwisho inamkana papo hapo, na mashine inagoma kusoma. Mimi mwalimu wa hesabu nilifurahi mno. Wiki iliyofuata niliwafundisha darasa la sita kwa kutumia pakiti ya biskuti.

Diski zikachapwa mia mbili, zikaisha, na Yona wetu akapandishwa mtandaoni. Mwaka 2021 Mathew akafariki. Sitaeleza namna, mwaka ule tulizika wengi. Alimwacha mke wake, Bibiana, huko Mikanjuni, na binti yao Leticia aliyeolewa Moshi. Mimi Bibiana namwita shemeji, na baada ya msiba nilimwahidi mengi, kama watu wanavyoahidi misibani.

Mwaka jana tukamrekodi Yona upya. Mwalimu alikuwa amerekebisha muziki hapa na pale, waimbaji wapya walikuwa wengi, na nafasi ya Yona ilichukuliwa na Castory, kijana wa watu wa mkonge, ambaye babu yake alikuja Tanga kutoka Songea. Sauti nzuri, adabu nzuri. Tulirekodi katika studio nyingine, ikabaki kujaza fomu ya kampuni ya kusambaza nyimbo mtandaoni. Fomu ikataka namba.

Hapa ndipo nilipojifanya mjuaji. Bi Zuwena ana maswali mengi, nami ni mtu wa hasira za karibu, nikaona heri nimalize mwenyewe mezani kwangu. Fomu ya zamani ninayo, nikasema. Namba zimo. Yona ni yule yule, vipande ni vile vile thelathini na kimoja. Nikanakili namba zote, na bakodi nikainakili, nikahakiki ile tarakimu ya mwisho kwa witiri na shufwa, ikatoka sawasawa. Nilijisifu peke yangu.

Ili ujue sikuwa mlevi, nieleze tulivyolelewa. Kanisani kwetu wimbo una namba, na namba ni ya wimbo. Mchungaji akisema tuimbe mia mbili na nne, ni mia mbili na nne akiimba nani, kwenye msiba Muheza au harusi Korogwe, kwa kinanda au kwa makofi. Bibi yangu hakujua kusoma, lakini alizijua nyimbo zake kwa namba, na alipokuwa anakata roho aliomba aimbiwe namba. Mtu aliyekulia humo, ukimwambia wimbo ule ule umebadili namba kwa sababu mwimbaji amebadilika, anakuona una kichaa. Hata wajumbe wa kamati niliowaonyesha fomu ile walitikisa vichwa kukubali. Sote tulikosea kwa moyo safi, na mkono ulioandika ulikuwa wangu.

Bibiana alikuwa na desturi yake. Jumapili baada ya ibada anapika, anakula, anakaa kwenye mkeka na simu, anafungua kipande cha kumi na tisa, sala ya Yona ndani ya samaki. Mathew katika sala ile alikuwa na kosa. Kabla ya neno rehema alivuta pumzi, kwa nguvu, pasipotakiwa pumzi. Mwalimu alimpigia kelele mwezi mzima na hakuacha. Bibiana aliipenda pumzi ile kuliko wimbo wenyewe. Aliniambia siku moja kwamba wimbo ni wa kwaya, ila pumzi ni ya mume wake.

Jumapili moja ya mwezi wa pili mwaka huu akafungua, neno rehema likaja, na pumzi haikuja. Akadhani amesinzia. Akarudia. Akasikiliza kwa makini, akagundua ni mtu mwingine kabisa anayemwimbia ndani ya nyumba yake.

Alinijia kwa miguu, jua la saa nane, hana hata kitambaa kichwani.

"Timotheo," alisema mlangoni, hata hodi hakupiga. "Mathew mmempeleka wapi?"

Nilidhani simu imeharibika. Nikafungua yangu: jina la Mathew lipo, mwaka 2016 upo, sauti ni ya Castory. Nikafungua kipande cha kwanza, cha tano, cha mwisho. Castory, Castory, Castory. Nikakumbuka fomu.

"Diski zenu zile za mwanzo, shemeji?"

"Moja aliondoka nayo Leticia, ikavunjika njiani. Nyingine inarukaruka tangu mwaka juzi, haiimbi, inakata kata. Kwenye simu ndiko alikobaki. Wewe unayo yako?"

Yangu nilimwazima mtu wa Korogwe mwaka 2018. Sijaiona tena. Kompyuta ya kwaya iliungua kwa umeme. Nikamjibu kweli, maana hakukuwa na la kuficha, naye akakaa chini kwenye ngazi ya mlango wangu akaanza kulia bila sauti. Nimekwisha kuona watu wakilia misibani, lakini huyu alikuwa akimlilia mtu mmoja mara ya pili, na safari hii mwenye kumwondoa nilikuwa mimi.

Kesho yake nilikwenda Mabawa. Nilikuwa nimejitayarisha kusema uongo mdogo, kwamba labda mtambo wa kampuni umekosea. Nilipofika nikamkuta Bi Zuwena anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Umekonda. Nini?"

Uongo ukanikimbia, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo mapajani. Kisha akauweka kando, na nikajua nitapata haki yangu.

"Mwalimu mzima wa hesabu! Nilikwambia namba ni ya nini? Ya sauti iliyonaswa! Wimbo ni mkonge, mwanangu, na rekodi ni robota. Mkonge wa shamba moja unatoa marobota elfu na kila moja lina namba yake. Yona kaimbwa na marehemu, robota moja. Yona kaimbwa na huyo Castory, robota la pili. Akirudi marehemu mwenyewe akaimba tena leo, robota la tatu! Ule mtambo wa mtandaoni unamjua Mathew? Haumjui. Unajua namba tu. Umeletewa sauti mpya na namba ya zamani na bakodi ya zamani, ukasema kumbe hawa wamesahihisha kazi yao, ukatoa ile ukaweka hii. Umefanya ulivyoagizwa."

"Niliihakiki bakodi, Bi Zuwena. Tarakimu ya mwisho ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa, ndiyo. Ile inakwambia namba imeandikwa vizuri. Haikwambii umembandika nani."

Mdharau mwiba mguu huota tende, nami nilikuwa nimedharau miiba thelathini na miwili kwa mpigo. Kisha akaniuliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Mjane wake anakula?" Nikamwambia sijui. Akanifungia wali na samaki kwenye bakuli nimpelekee, akaniambia nirudi kesho na barua zote za kampuni.

Alianza na Castory, akasema aliye hai naye kaonewa. Rekodi mpya zikapewa namba mpya thelathini na moja na bakodi yake yenyewe, zikatumwa. Castory alipoelezwa alishika kichwa. "Kumbe nilikuwa nimelala kitanda cha mtu," akasema, na akaenda Mikanjuni mwenyewe kumwomba radhi Bibiana kwa kosa ambalo hakulifanya. Kuhusu Mathew, Bi Zuwena aliandika barua sita kwa kidole chake kimoja. Kampuni ikajibu baada ya wiki tano. Namba za zamani wako tayari kuzirudishia sauti yake, lakini sauti yenyewe hawanayo tena. Ilipowekwa mpya, ya zamani ilifutwa. Tuleteeni, wakasema, iwe ile ile. Tukauliza usharika mzima; katika zile diski mia mbili hatukupata hata moja iliyo nzima.

Kama si ile sheria ya pili ya ghalani, hadithi ingeishia hapo. Bi Zuwena hajawahi kupiga namba bila kubakiza kishungi. Chini ya kitanda chake kuna makopo ya maziwa ya unga, makubwa, yenye mifuniko mizuri, na ndani yake kuna diski za kila kitu alichokipa namba tangu aanze, kila moja katika bahasha yake. Nilimuuliza mbona za taarabu za zamani hakutupa. "Mkonge mnunuzi wake akishapokea nilikuwa natupa," akasema. "Wimbo mnunuzi wake haishi kuja. Nitatupa lini?" Nilishuka magotini pale pale sakafuni nikamsaidia kuvuta makopo, na nakiri nilikuwa nikisali.

Diski ya kwanza ikasoma yote. Ya pili ilikuwa imeota ukungu ukingoni. Akaipangusa kwa pamba na spiriti, akaiweka kwenye kompyuta mara nane, na mwisho ikatoa vipande vyote isipokuwa vinne vilivyofuatana: cha kumi na nane, cha kumi na tisa, cha ishirini, cha ishirini na moja. Nilipoona kumi na tisa kimo nikatoka nje nikaegemea ukuta. Bi Zuwena akanifuata na kopo jingine. Ndani yake mlikuwa na rekodi mbichi tulizomwachia, zile zilizonaswa siku yenyewe ukumbini kabla hazijakatwa, tangu kitufe kinabonyezwa mpaka kinaachiwa. Vipande vitatu kati ya vile vinne viliimbwa mara moja tu, kwa hiyo havikuwa na utata. Sala ya Yona iliimbwa mara tatu.

"Chukua yoyote, Bi Zuwena," nikasema. "Zote ni Mathew."

Alinitazama mpaka nikaona haya. "Zote ni Mathew, ila iliyopewa namba ni moja. Nikituma nyingine kwa namba ile, nimefanya ulichofanya wewe." Kisha akainamisha kichwa. "Na siku ile sikuandika ni ya ngapi. Mchana ule nilikuwa na wageni. Kosa hilo langu, si lako. Kamwite mjane wake. Yeye ndiye anayeijua."

Ndivyo Bibiana alivyofika Mabawa, Jumamosi asubuhi, kavaa kitenge cha usharika kana kwamba anakwenda kwenye ibada. Bi Zuwena alimpokea mikono yote miwili, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akamweleza kazi iliyomleta: atasikia sala mara tatu, aseme ipi ni ile. Wanawake hao walikuwa hawajawahi kuonana, na baada ya dakika tano walikuwa wakizungumza kama waliopikwa chungu kimoja.

Bi Zuwena akafungua ya kwanza. Bibiana alifumba macho. Mathew akaimba, na neno rehema likapita bila pumzi.

"Siyo."

Ya pili pia haikuwa na pumzi, maana mwalimu alikuwa ametoka kumgombeza. Bibiana akatikisa kichwa. Ilibaki moja, na kama siyo hiyo basi hakuna.

Ya tatu haikuanza na muziki. Kiti kiliburuzwa, mtu akakohoa. Kisha ikaja sauti ya Mathew, ya kusema, ile ya kuombea chumvi mezani. Kwenye simu ya Bibiana hiyo haikuwamo kamwe, kwa sababu Bi Zuwena aliikata. Kwa miaka yote tangu msiba, alikuwa akimsikia mume wake akiimba tu.

"Mama Leticia keshatoka nje?"

Mtu akamjibu, "Katoka."

"Haya. Basi mwambieni ahsante. Siku ya tatu leo anaamka alfajiri ananichemshia tangawizi, na sijamwambia neno. Hii sauti mnayoisifia ni kazi yake."

Watu wakacheka. Halafu sauti nyingine ikaingia, karibu kabisa na kinasa sauti, ya mtu mwenye haraka na mwenye cheo.

"Nitamwambia, kaka. Wewe imba."

Sauti hiyo ni yangu.

Kinanda kikaanza. Mathew akaimba sala yake yote, na kabla ya neno rehema akavuta pumzi, kubwa, ya makosa, ikajaza chumba. Bibiana akasema, "Hiyo ndiyo." Bi Zuwena akaandika katika daftari: ya tatu. Alipomaliza hakutazama mtu, akabaki anafuta kalamu isiyokuwa na kitu.

"Timotheo," Bibiana akaniita.

"Naam, shemeji."

"Alikutuma."

"Alinituma."

"Mwaka gani ule?"

"Elfu mbili na kumi na sita."

Nilitegemea hasira, nami ningeipokea kwa shukrani. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka, machozi yanamshuka na yeye hayafuti.

"Mjumbe hauawi," akasema. "Haya, niambie."

Nikasimama. Sijui kwa nini, nadhani ujumbe ule haukuwa wa kutolewa mtu amekaa. Nikaweka mikono pamoja kama mtoto mbele ya darasa, nikasema, "Shemeji, Mathew anasema ahsante. Ya tangawizi, na ya kuamka alfajiri. Anasema sauti ile ni kazi yako."

Bibiana hakunitazama mimi. Aliigeukia spika iliyokuwa mezani, akaiinamia kidogo.

"Ahsante kushukuru, baba Leticia," akasema.